Mashujaa Wana Majina. Na Askari Je?

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika sinema tunayoipima juma hili fahali si wawili. Ni zaidi ya ishirini, kila mmoja na jina lake, vazi lake na silaha yake, na wote wanamkabili adui mmoja. Sinema hiyo inaitwa Avengers: Infinity War. Ilitolewa mwezi wa Aprili mwaka 2018 na kampuni ya Marvel ya Marekani, ikaongozwa na Anthony Russo na nduguye Joe Russo, ikagharimu fedha zinazokadiriwa kupita dola milioni 300, na mapato yake duniani kote yakapita dola bilioni 2. Ingawa miaka imepita, ingali inaombwa katika vibanda vya video na ingali inapitishwa kutoka simu hadi simu. Kwa hiyo wewe, ndugu msomaji, una haki ya kuuliza kabla hujawaita watoto na kuketi: ina sifa gani, na ina kasoro gani?

Yapo mambo mawili yanayoifanya ituhusu sisi wa Kasese, Bwera na Kasenyi. La kwanza ni mahali. Vita vyake vikubwa vinapiganwa Wakanda, nchi ya kubuniwa iliyomo Afrika, ambayo watazamaji walikwisha kuizoea miezi miwili kabla katika sinema ya Black Panther ya mwongozaji Ryan Coogler. Ili kuipamba nchi hiyo, watengenezaji wa Black Panther walipiga picha za angani katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, na miongoni mwa mahali walipopiga ni msitu wa Bwindi na Milima ya Rwenzori. Basi mkazi wa Kasese afunguapo dirisha asubuhi, mawingu yakiwa yamejitenga, huiona sehemu ya Wakanda bila kulipa kiingilio. Hata habari ya madini ya thamani yaliyofichika mlimani si ngeni kwetu, kwani reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na katika mawe hayo hayo mlikuwamo kobalti.

La pili ni watu. Kandokando ya majabali wanaoruka angani, sinema hii ina jeshi la nchi kavu lenye amiri, mstari, ngao na amri. Gazeti hili husomwa na askari, polisi na jamaa zao. Ni haki basi tuipime kwa macho yao.

Kisa chenyewe

Jitu moja liitwalo Thanos, lililochezwa na Josh Brolin, linatafuta mawe sita yenye nguvu za kuutawala ulimwengu. Akisha kuyapata yote ataweza, kwa mlio mmoja wa vidole vyake, kuwaondoa nusu ya viumbe wote. Sababu anayoitoa ni kwamba viumbe wamekuwa wengi kuliko riziki. Jiwe moja limo katika paji la uso la Vision, kiumbe aliyetengenezwa kwa ufundi na kupewa akili na moyo wa binadamu. Wenzake wanampeleka Wakanda, ili Shuri, dada wa Mfalme T'Challa na fundi asiye na mfano, alitoe jiwe lile bila kumwua. Adui anawafuata huko. Vita vinapiganwa, mashujaa wanashindwa, vidole vinalia, na nusu ya watu wanageuka majivu yanayopeperushwa na upepo. T'Challa mwenyewe anatoweka huku amenyosha mkono kumwinua amiri wake, Okoye. Picha ya mwisho ni Thanos ameketi peke yake akilitazama jua.

Sifa zake

Sifa ya kwanza ni adui. Tumezoea maadui wa sinema wanaocheka ovyo na kubomoa kwa kupenda kubomoa. Thanos huzungumza kwa sauti ya chini, huamini kwamba anaokoa, na hulia machozi ya kweli anapomtupa bondeni Gamora, binti aliyemlea mwenyewe, kwa kuwa jiwe mojawapo haliwezi kupatikana bila kumtoa umpendaye. Mtazamaji mzima atatambua hatari iliyomo humo. Mtu mwovu akijijua kuwa mwovu huenda akachoka siku moja. Mtu anayedhani anatenda wema kwa kuua hachoki.

Sifa ya pili ni ujasiri wa kuwaacha mashujaa washindwe, na kutueleza kwa nini wameshindwa. Itazame kwa makini. Loki analitoa jiwe kwa sababu hawezi kuvumilia kumwona ndugu yake akiteswa. Gamora anafichua mahali lilipo jingine kwa sababu ya vilio vya Nebula, dada yake. Daktari Strange analikabidhi la tatu ili Tony Stark asiuawe. Peter Quill anasikia kwamba mpenzi wake amekufa, hasira inampanda, anampiga adui usoni wakati wenzake walikuwa wamekaribia kumvua silaha, na mpango wote unaharibika. Wanda anakubali kulivunja jiwe la Vision, ampendaye, wakati tayari umepita. Hakuna kati yao aliyeshindwa kwa woga wala kwa tamaa ya fedha. Wote walishindwa kwa mapenzi, mbele ya adui aliyekuwa tayari kumtoa mtoto wake. Askari aliyewahi kuaga nyumbani alfajiri bila kujua atarudi lini hahitaji kufafanuliwa mizani hiyo.

Sifa ya tatu ni ufundi. Kuwapanga mashujaa zaidi ya ishirini katika saa mbili na dakika ishirini na tisa ni sawa na kuandaa karamu ya koo kumi ambazo kila moja ina miiko yake. Waongozaji wamewagawa katika vikundi vitatu vinne, wakampa kila mmoja neno la kusema na tendo la kutenda, na wakapenyeza utani wa kutosha ili huzuni isimlemee mtazamaji. Wachezaji nao wametimiza wajibu wao. Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, anamfanya Okoye awe amiri ambaye ungemfuata vitani bila kuuliza. Hayati Chadwick Boseman, aliyefariki kwa saratani mwezi wa Agosti mwaka 2020, anamvika T'Challa heshima ya mfalme asiyehitaji kupaza sauti. Na miongoni mwa Dora Milaje, wale wanawake walinzi wa mfalme, yumo Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala na kukulia Ujerumani.

Kasoro zake

Kasoro ya kwanza ni ya mlangoni. Sinema hii ni ya kumi na tisa katika mfululizo ulioanza mwaka 2008 kwa Iron Man. Asiyeziona zilizotangulia ataketi kama mgeni aliyeingizwa katika kikao cha ukoo, akisikia watu wakicheka na kulia juu ya mambo ya jana ambayo hakuna anayejali kumsimulia. Tena haimaliziki: ili kujua mwisho wake ilimpasa mtazamaji kungoja mwaka mzima, hata Aprili 2019, ilipotoka Avengers: Endgame. Kwa lugha ya sokoni, umeuziwa nusu ya kitenge kwa bei ya kitenge kizima.

Kasoro ya pili ni kwamba hoja ya adui inaachwa bila jibu. Mashujaa wanampiga Thanos kwa shoka, kwa moto na kwa umeme, lakini hakuna anayemketisha na kumfanyia hesabu. Basi tuifanye sisi. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9 katika Uganda. Nusu yao ni kama milioni 23. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 24.2. Maana yake, baada ya mauaji yote yale, Thanos angeturudisha nyuma miaka ishirini na kidogo tu. Je, mwaka 2002 hapakuwa na njaa? Hapakuwa na magomvi ya mipaka ya mashamba? Dunia nzima nayo, iliyokuwa na watu wapatao bilioni 7.6 mwaka ilipotoka sinema hii, ingerudi kwenye idadi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee wetu wanakumbuka kama miaka hiyo ilikuwa ya neema tupu. Isitoshe, anayeondoa nusu ya walaji huondoa pia nusu ya wakulima, wakunga, walimu na madereva. Kijana wa sekondari anaweza kutoka kibandani akidhani jitu lile lilikuwa katili lakini lilisema kweli. Halikusema kweli, na ilikuwa kazi ya sinema kumwonyesha hivyo.

Kasoro ya tatu ataiona kila aliyepitia gwaride. T'Challa anaamuru sehemu ya ukingo unaoilinda nchi ifunguliwe, ili adui aje mbele ya jeshi asije akazunguka na kutokea nyuma. Amri hiyo ina busara. Mstari wa ngao umekwisha kusimama, mikuki itoayo moto inafanya kazi yake. Kisha mfalme anatimka mbele, na jeshi zima linatimka nyuma yake kwenda kukutana na wanyama wale uwanjani, kifua kwa kucha, ngao na mstari vikiachwa. Baadaye Wanda, mlinzi mwenye nguvu kuliko wote waliobaki karibu na Vision, analiacha lindo na kushuka uwanjani kusaidia, na papo hapo adui anapenya alikokuwa akilinda. Kuruti wa juma la kwanza angeadhibiwa kwa kosa hilo. Twajua kwamba sinema hupenda mbio na vumbi, lakini mbio hizo zina gharama, na gharama hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye kasoro kubwa kuliko zote.

Nyasi

Kabla ya vita, Vision anapendekeza auawe yeye ili jiwe lake livunjwe na ulimwengu upone. Captain America anakataa: kwake uhai wa mtu si kitu cha kubadilishana. Ni neno jema, na watazamaji wengi hulipigia makofi. Lakini fuatilia kilichotokea baada ya hapo. Ili uhai wa mmoja usitolewe, vita vililetwa katika nchi ya watu wengine, na askari wa Wakanda wakapangwa mstari mbele ya makundi ya wanyama wakali. Wakaraga chini wengi. Biashara iliyokataliwa mezani ilifanyika uwanjani, nao waliolipa hawakuulizwa, na sinema haioni kwamba bei imelipwa.

Nani anawataja hao? Tunajua jina la nyundo ya Thor. Tunajua jina la kila jiwe katika yale sita. Hatujui jina la askari hata mmoja aliyeanguka katika mstari ule. Hakuna anayepiga magoti juu yake, hakuna mwenzake anayeichukua ngao yake, hakuna mama anayeletewa habari. Kamera inampita kama inavyopita mti. Hata mlima wetu umetendewa vivyo hivyo: Black Panther iliazima vilele vyake, lakini wakazi wa Wakanda wamepewa lugha ya Kixhosa ya Afrika Kusini na mablanketi ya mtindo wa Lesotho, na wale wanaoishi chini ya vilele hivyo, Wakonzo na majirani zao, hawasikiki.

Sinema iliyofuata, Endgame, iliizidisha kasoro hiyo pasipo kukusudia. Humo, baada ya miaka mitano, mashujaa wanafaulu kuwarudisha wote waliogeuka majivu. Tunaonyeshwa pia mawe makubwa katika mji wa San Francisco, yamechongwa majina ya waliotoweka ili walio hai wapate mahali pa kusimama na kukumbuka. Ni picha nzuri sana. Lakini askari wa Wakanda hawakugeuka majivu. Waliraruliwa uwanjani kabla vidole havijalia, na kwa hiyo hawakuwamo katika waliorudishwa. Walikufa kifo cha kawaida cha askari, kisicho na njia ya kurudi, na hakuna jiwe lenye majina yao tunaloonyeshwa.

Kwa mtazamaji wa London au Chicago hilo huenda likawa jambo dogo. Kwa nyumba ya askari si dogo. Neno shujaa lina maana nyingine hapa mpakani. Operesheni iliyoanza Novemba 30, 2021, majeshi ya Uganda na Kongo yakiwaandama waasi wa ADF, ilipewa jina hilo hilo, Operesheni Shujaa, na wapo wasomaji wetu ambao jina hilo kwao ni kitanda kitupu na simu inayongojwa. Mtoto wa askari anapoitazama sinema hii na kuwatafuta walinzi wanaofanana na baba yake au mama yake, atawapata wapi? Hawamo angani pamoja na Iron Man. Wamo katika mstari wa tatu, nyuma ya ngao, sura zao hazionekani vizuri, nao wanakufa wakati muziki ungali unapigwa. Mtoto huyo anafundishwa, bila mtu kumwambia, kwamba wapo watu ambao kufa kwao ni habari, na wapo ambao kufa kwao ni vumbi la picha.

Sisi tunajua mambo hayako hivyo, na tumelijua kwa uchungu. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba haikutambulika kwa macho, ikabidi ipimwe kitaalamu ili ijulikane ni ya nani. Fikiri juu ya kazi hiyo, ndugu msomaji: taabu yote ile ili mtoto aliyekwisha kufa apewe tena jina lake, na wazazi wazike wa kwao. Jamii yenye utu hufanya hivyo. Sinema ya dola milioni 300 haikupata dakika moja ya kufanya hivyo.

Wafasiri wetu wa vibandani, wale waitwao VJ hapa Uganda, na wenzao kama DJ Afro wa Kenya na marehemu Lufufu wa Tanzania, mara nyingine huziba pengo la namna hiyo. Mfasiri hodari humpa hata mpita njia wa sinema jina la mtaa na utani wa kijiji, na watu wakacheka, na kwa kicheko hicho yule mpita njia akawa mtu. Wasomi wamewalaumu kwa kuongeza maneno yasiyokuwamo. Katika sinema hii, maneno yasiyokuwamo yanahitajika.

Kwa wazazi

Je, itazamwe? Naam, itazamwe. Ina adui wa kufikiriwa, ina huzuni ya kweli, na inafundisha kwamba wema usio na nidhamu unaweza kushindwa na uovu wenye subira. Huko Marekani imewekwa katika daraja la kuwatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13, na tahadhari hiyo ifuatwe hapa pia. Wadogo huogopa sana majivu ya mwisho, hasa kijana Peter Parker anapotoweka mikononi mwa Stark akiomba asiende. Nyumba iliyopata msiba karibuni, au yenye mtoto aliyeponea shambulio, iahirishe. Anayetaka kuifahamu vizuri atangulize Captain America: Civil War ya mwaka 2016 na Black Panther, hizo mbili zitamfungulia sehemu kubwa ya mlango.

Mkikaa kuitazama, baba au mama asiwaache watoto peke yao na kwenda zake. Vita vya Wakanda vikifika, isimamisheni picha pale mstari wa ngao unapojipanga. Mwambie mtoto amchague askari mmoja, yeyote, ampe jina, aseme anatoka kijiji gani na nani anamngoja nyumbani. Kisha iachieni iendelee, naye amfuate yule askari wake kwa macho hata mwisho. Ataitazama sinema tofauti na ile aliyouziwa, na huenda akauliza maswali ambayo mzazi mwenye sare anayajua vizuri kuliko mwongozaji yeyote wa Marekani. Yajibuni.

Juma lijalo tutaipima Queen of Katwe ya mwaka 2016, ambamo hakuna anayeruka angani, na shujaa wake ni msichana wa Kampala mwenye ubao wa sataranji.